Namba Kwenye Kola

Pale kwenye pembe ya ghorofa ya bluu, ambayo ni ya bluu upande mmoja tu kwa sababu mwenye nyumba alipaka ukuta unaotazama barabara na ule mwingine akauachia Mungu, kuna benchi refu la mbao lenye miguu mitatu na tofali. Mbele yake ipo meza ya Shangazi, na juu ya meza birika la kahawa ambalo hakuna aliyewahi kulikuta limepoa. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini ukimwita jina lingine utasubiri kikombe mpaka uchoke. Pembeni, baiskeli zimepinduliwa magurudumu juu: hapo ni kwa Spana, fundi ambaye mdomo wake unafanya kazi zaidi ya mikono, na mikono yenyewe haikai. Mwenye kona ya kivuli ni Waziri, mzee mstaafu aliyekuwa tarishi serikalini. Miaka nenda miaka rudi alibeba mafaili ya wakubwa kutoka mlango huu kwenda mlango ule, na mpaka leo anaamini yaliyoandikwa mle ndani yalimwingia mwilini kupitia kwapani. Na katikati yao, kikombe kakishika kwa mikono miwili, hukaa kijana mgeni mjini, mpiga pasi kwenye duka la dobi mtaa wa pili. Huyo walimpa jina la Kimya. Haongei. Akibanwa sana hunong'ona maneno mawili, anagusa koo, anasema kifua kinamsumbua, na Shangazi anamwongezea tangawizi kwenye kikombe bila kuombwa.

Jioni hiyo Waziri alifika amevaa koti.

— Haya! — Spana akaacha gurudumu lizunguke lenyewe. — Nani kafa?

— Hajafa mtu. Kwani mtu hawezi kuvaa koti lake?

— Na joto hili? Koti hilo tunaliona kwenye misiba tu, mzee. Usitufiche, nani katutoka?

— Njoo hapa — Shangazi akamwambia Waziri. — Inama.

Waziri akainama. Shangazi akapeleka mkono nyuma ya shingo yake, akachomoa pini na kipande kidogo cha kitambaa cheupe kilichoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito, akamwonyesha.

— Utakwendaje mbele za watu na namba ya dobi kwenye kola? Watadhani unauzwa.

Wakacheka. Kimya naye akatabasamu, macho chini. Koti lile alilipiga pasi yeye mwenyewe jana, na namba ile aliibana yeye. Kuitoa ni juu ya mwenye nguo. Alipokuwa akinyoosha mikono ya koti hilo alijiuliza mzee anakwenda wapi na koti zito namna ile. Sasa akaambiwa.

— Nakwenda juu — Waziri akasema, kidole kikielekea kwenye dirisha lililo juu ya vichwa vyao. — Nakwenda kumwona Bosi.

Hapo inabidi Bosi aelezewe. Bosi ni mpangaji wa chumba cha juu, ambaye benchi zima linamjua na hakuna aliyewahi kumwona. Ngazi za ghorofa ile ziko nyuma, uchochoroni, kwa hiyo wapangaji huingia na kutoka bila kupita kijiweni. Lakini kila jua linapozama dirisha lile hufunguliwa, na sauti nene ya kijana huanza kuongea na mama yake kwenye simu, kwa nguvu, neno kwa neno, utadhani anatangaza mnada. Ndivyo walivyojua kwamba Bosi ana ofisi. Ndivyo walivyojua kwamba ana kiti kinachozunguka, mashine ya kuleta baridi, na katibu anayebisha hodi kabla ya kuingia.

Na Bosi ndiye Kimya.

Hakuja mjini na nia ya kumdanganya mtu. Alikuja kwa sababu jamaa mmoja wa kwao, mwenye suti na meno mengi, alimwambia ofisini kwetu kuna nafasi, wewe njoo, ukifika nipigie. Alipofika akapiga. Simu haikupokelewa siku hiyo wala siku nyingine, na mlinzi wa jengo alipotajiwa jina la yule jamaa alicheka mpaka akajifuta macho. Jioni mama akapiga: umefika ofisini, mwanangu? Akasema nimefika, mama. Na kweli alikuwa amefika, mpaka getini. Kesho yake mama akauliza, wamekupa kiti? Akasema wamenipa. Mama akacheka kwa furaha, kicheko ambacho kijana alikuwa hajakisikia tangu baba yao afariki. Basi kiti kikaanza kuzunguka, baridi ikaja, katibu naye akaajiriwa. Wakati huo mwenyewe alikuwa ameshapata kazi kwa dobi, ya kusimama kutwa nzima mbele ya meza ya pasi akinyoosha mashati ya watu wenye ofisi za kweli.

Kupaza sauti hakukuwa chaguo lake. Mama huweka simu kwenye spika ili nyumba nzima isikie, na babu masikio yake yamechoka, kwa hiyo kila baada ya maneno mawili mama husema: ongea kwa nguvu, babu yako hasikii. Simu ya kijana nayo imebaki na spika tu iliyo nzima, na mtandao mle chumbani haushiki popote isipokuwa dirishani. Hivyo kijiwe hupata mazungumzo ya pande zote mbili, bure. Kijana aligundua hayo siku aliyoshuka kwa mara ya kwanza kununua kahawa, akamkuta mzee wa kona ya kivuli akimsifu kijana wa juu, kwamba siku hizi vijana wa kumpigia mama kila siku wamekwisha, amebaki yule. Alitaka kusema ni mimi huyo. Mdomo ukafunguka, akamkumbuka katibu, ukajifunga. Akanong'ona: kahawa moja. Shangazi akauliza, kifua? Akaitikia kwa kichwa.

Angeweza asirudi tena. Hapo ndipo penye aibu yenyewe. Alirudi kesho yake, akarudi keshokutwa, kwa sababu mji mzima haukuwa na mahali pengine ambapo mtu alikuwa akimsema vizuri. Alikaa katikati yao na vidole vilivyobabuka kwa pasi, akanywa tangawizi ya kifua kisichouma, akajisikiliza akisifiwa. Kila akipanda ngazi kurudi chumbani alijiapia kwamba kesho hashuki.

— Unakwenda kumwona kwa lipi? — Spana alikuwa akimuuliza Waziri.

— Kwa ajili ya binti yangu, yule wa mwisho. Kasoma, kompyuta anaijua, na amekaa nyumbani kazi yake kunikumbusha vidonge. Jana hamkusikia? Si mdogo wake Bosi anakuja? Mama yake kasema kijana ameacha useremala, anakuja kwa kaka. Na Bosi akajibuje?

— "Aje, mama. Aje tu. Nafasi zipo" — Shangazi na Spana wakajibu kwa pamoja, wakiigiza ile sauti nene ya dirishani. Walikuwa wameizoea.

— Sasa sikilizeni. Hakusema ipo. Kasema zipo. Moja anachukua mdogo wake. Zilizobaki za nani?

Kimya akashusha kikombe. Jana mama alipotamka kwamba mdogo wake ameacha kwa fundi, yeye alishika fremu ya dirisha kwa nguvu. Lilikuwa ni neno moja tu lililotakiwa, asije. Lakini kwenye spika alisikia nyumba nzima imenyamaza, hata babu, wakingoja kaka mkubwa aseme neno. Akasema aje. Alijipa moyo kwamba kwao safari huongelewa wee kabla mtu hajafunga begi, na katikati hapo atapata la kusema, kwamba ofisi inapakwa rangi, kwamba mkubwa wa wakubwa amesafiri. Usiku hakulala.

— Mimi nina mashaka na huyo Bosi — Spana akasema.

— Umeanza.

— Sijaanza, naendelea. Ile habari ya namba mmeisahau?

Hawakuisahau. Kijiwe kilikuwa kinaitafuna tangu ilipodondoka kutoka dirishani. Mama alikuwa ameomba picha. Mchana mmoja mwenye duka la dobi alipotoka, kijana alivaa shati jeupe la mteja na tai ya mteja mwingine, akasimama kwenye ukuta mweupe, mwenzake wa kufua akampiga picha na simu, ikatumwa nyumbani. Kilichosahaulika ni kile kitambaa cha namba. Kilikuwa kimechungulia juu ya kola. Jioni mama akauliza kwa spika: hicho shingoni mwanangu ni nini? Na yeye, jasho likimtoka dirishani, akajibu kwa nguvu ili babu asikie: ni namba ya ofisini, mama. Kila bosi ana yake.

— Mtu wa namba ni usalama — Spana akasema, akishusha sauti na kutazama barabara pande zote. — Wale majina hawana. Wanaitana namba. Ndio maana hatujawahi kumwona. Na kile kiti kinazunguka kwa nini? Ili aone na nyuma.

— Wewe hujafanya kazi serikalini, nyamaza — Waziri akamkata. — Namba ni cheo. Inavyokuwa ndogo ndivyo mtu anavyokuwa mkubwa. Kwetu kulikuwa na bwana wa namba moja, akipita ukumbini hata feni zinapunguza mwendo.

— Feni zilikuwa mbovu.

— Zilikuwa na adabu!

— Nyote hamjui mnalosema — Shangazi akasema, akiwamiminia. — Mtu mwenye namba shingoni ni mfungwa.

Wakamgeukia.

— Fikirini kwa akili zenu. Hatoki. Hajulikani sura. Simu anapiga mara moja kwa siku, saa ile ile. Nani mwingine anapangiwa saa ya kumpigia mama yake? Hapo juu wamemfungia, jela ya watu wenye nafasi zao.

— Na kiti kinachozunguka?

— Cha kinyozi. Anawanyoa wenzake.

— Na katibu anayebisha hodi?

— Askari. Anabisha kwa heshima kwa sababu ni jela ya kulipia.

Spana akapiga mluzi. Hakupenda kupitwa. Akakaa kidogo na mnyororo wa baiskeli mkononi, uso ukamng'aa.

— Basi nimepata. Hapo juu hakuna mtu.

— Hakuna mtu vipi, na tunamsikia?

— Tunasikia sauti. Sauti si mtu. Saa ile ile, maneno yale yale, ofisi, kiti, baridi, mama usijali. Hiyo ni mashine. Kampuni za simu zimefunga mashine za sauti ya mtoto mwema huko juu madirishani, sisi wengine tukisikia tunaona haya, tunakimbia kuwapigia mama zetu. Na mimi imenishika! Juzi nimempigia mama yangu tukaongea mpaka salio likakata.

Hata Waziri alicheka mpaka koti likamkaba. Kimya hakucheka. Aliona Spana, katika upuuzi wake wote, ndiye aliyemgusa kweli: sauti ipo, mtu hayupo.

— Mashine ingekohoa? — Shangazi akauliza. — Juzi alikohoa huyo. Tena kikohozi chenyewe kama cha nani vile... kama cha Kimya.

Kimya akatulia kabisa, kikombe mdomoni.

— Mwaka huu vifua vimewashika wengi — Shangazi akamalizia mwenyewe, akamsogezea birika. — Kunywa, mwanangu.

Waziri akasimama, akavuta koti chini, akafunga kifungo.

— Kimya, utanisindikiza. Magoti yangu na zile ngazi hawapatani. Halafu wewe unashika mashati ya wakubwa kila siku, umezoea. Utabisha hodi, kuongea niachie mimi.

Ilikuwa rahisi. Apande na mzee mpaka kwenye mlango wake mwenyewe, agonge, chumba kinyamaze, aseme kwa kunong'ona hayupo, washuke. Alishajua hata namna atakavyotikisa kichwa. Lakini Waziri alikuwa amemgeuzia mgongo akijiweka sawa, na mgongoni mwa lile koti ulionekana mstari ambao pasi yake mwenyewe ilikuwa imeupitia jana mara nyingi mpaka ukanyooka. Mzee wa watu kavaa, anakwenda kumwombea mwanawe kazi kwa mpiga pasi. Kijana akaona uso unamwaka moto.

— Mzee — akasema. Haikuwa sauti kamili, lakini haikuwa tena kunong'ona. — Usiende.

— Kwa nini nisiende?

Wote watatu wakamtazama. Spana akaweka mnyororo chini.

— Kwa sababu huyo Bosi...

— Hodi hapa jamani.

Mtu alikuwa amesimama upande wa baiskeli, kijana mrefu mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope, begi begani, penseli bapa ya seremala sikioni. Alivaa shati jeupe lililompwaya. Kimya hakuhitaji kumtazama mara mbili. Akainama haraka, uso kati ya magoti, akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

— Karibu — Shangazi akasema.

— Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Kaka, pole na kazi. Namuulizia kaka yangu. Niliambiwa anakaa ghorofa ya bluu, chumba cha juu cha upande wa barabarani. Nadhani bado yuko ofisini, nampigia simu hapokei.

Simu ilikuwa chumbani kwenye chaja. Na kijiwe, wacha wee, kikalipuka.

— Mdogo wake Bosi!

— Marahaba baba, karibu, pita, pita hapa — Waziri akatoka kwenye kona yake ya kivuli, jambo ambalo halijawahi kuonekana, akapangusa benchi kwa kiganja. — Kaa hapa. Kaka yako sisi tunamjua sana. Tunamheshimu.

— Mnamjua?

— Kila siku tunamsikia! Shangazi, mpe kahawa mtoto. Ya kwangu hiyo.

Kijana akakaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akatabasamu kwa kila mtu. Kati yake na kaka yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Alimwona mtu aliyeinama kwenye viatu vyake, akaona si adabu kumkatisha.

— Kwa hiyo useremala umeuacha kweli? — Waziri akauliza.

— Nimeuacha, mzee. Fundi kakasirika kidogo. Alikuwa ameshanitengea meza yangu mwenyewe, nianze kupokea kazi kwa jina langu. Nilipomwambia nakwenda ofisini kwa kaka, meza akampa mwenzangu siku ile ile. — Alisema hayo akicheka. — Mama kasema nisingoje, nafasi zisije zikajaa. Nikapanda basi usiku ule ule.

Kule chini, kati ya magoti yake, kaka mtu alikuwa akiutazama ufa wa sakafu. Alimsikia mdogo wake akipuliza kahawa. Tangu utotoni hupuliza hivyo, mara tatu, hata kitu kikiwa baridi. Alijiambia inuka. Hakuinuka.

— Jamani huyu naye! — Shangazi akaanza kucheka, akamsogelea mgeni. — Leo ni siku ya makola. Mwanangu, umevaa shati hujatoa namba ya dobi. Hebu inama nikutolee.

Kijana akarudi nyuma, akaifunika shingo kwa kiganja.

— Hapana, mama, usiitoe! Hii kanishonea mama yangu.

— Kakushonea namba?

— Ndiyo. Kaka ana ya kwake. Mama kasema nikifika ofisini bila namba wote watajua mimi ni mgeni. Akachukua kitambaa, akaandika, akashona. Kashona kwa uzi mara mbili ili njiani isidondoke.

Hakuna aliyecheka. Kijana akaona wanamshangaa, akadhani hawamwamini, akatoa simu mfukoni, akafungua picha, akampa Spana aliyekuwa karibu.

— Mwoneni kaka. Si hiyo hapo shingoni?

Spana akaitazama picha. Akaikuza kwa vidole vyenye grisi. Kisha macho yake yakatoka kwenye simu taratibu, yakashuka mpaka kwenye mgongo wa mtu aliyekuwa bado anafunga kamba za ndala. Akampa Waziri simu. Waziri akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akatazama, akapeleka mkono nyuma ya kola yake mwenyewe, pale pini ilipokuwa. Shangazi alichungulia begani kwake mara moja tu.

— Mbona mmenyamaza? — kijana akauliza. Akamtazama huyu, akamtazama yule. — Kwani hii si namba ya ofisini?

 Spana akaokota mnyororo, akauweka tena. Gari likapita.

— Ni namba ya dobi.

Sauti ilikuwa nene, kamili, ile ile ya dirishani, ila safari hii ilitoka kwenye benchi. Waziri alitazama juu kwanza, kwa mazoea, ndipo akatazama mbele yake. Kimya alikuwa ameinua uso.

— Kaka! — Mdogo wake akaruka, kahawa ikamwagika, akamkumbatia na begi lake begani. — Kumbe upo hapa hapa! Leo hukwenda ofisini?

Akamwachia ili amtazame vizuri. Akaona ndala. Akaona vidole. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale limesimama, halijui liende wapi.

— Kwa hiyo kifua... — Shangazi akaanza.

— Hakiumi, Shangazi. Hakijawahi kuuma.

— Na tangawizi yangu yote ile.

Hakusema kwa hasira, na Kimya angependa iwe hasira.  Waziri alifungua kifungo, akavua koti, akalikunja kwa uangalifu akifuata mistari ya pasi, akaliweka kwenye mapaja.

— Ulilinyoosha vizuri — akasema baadaye, bila kumtazama.

— Nisamehe, mzee.

— Nilikuwa nimeshamwambia binti.

Kimya akamgeukia mdogo wake, akasogeza mkono kwenye kola yake, akashika kile kitambaa. Mama alikuwa ameshona kweli, uzi umepita na kurudi, pindo limekunjwa lisifumuke, namba imeandikwa kwa mwandiko wake wa kulala upande. Alijaribu kuufumua kwa kucha, vidole vilivyobabuka vikashindwa. Mdogo wake alisimama tu, shingo ameinamisha, anamwachia, na kumwachia huko kulimchoma kaka mtu kuliko kama angemsukuma.

Simu ikalia mkononi mwa Waziri. Kila mtu aliona jina lililoandikwa pale. Waziri akampa mwenyewe, na kijana akabonyeza, na kwa sababu kwao ndivyo simu zinavyopokelewa, akaweka spika.

— Umefika, mwanangu? — Ilikuwa sauti ambayo kijiwe kiliijua siku zote kutoka juu. Sasa ilikuwa mezani, kati ya vikombe. — Kaka yako umemwona? Yuko ofisini?

Mdogo mtu akamtazama kaka yake. 

— Nimefika, mama.

Kimya akayajua maneno yale. Alikuwa ameyasema yeye, vile vile, kwa pumzi ile ile fupi, jioni ya siku yake ya kwanza. Akaona kesho ya mdogo wake ilivyo: kiti cha pili kinaanza kuzunguka. Akainyakua simu.

— Mama, ni mimi.

— Mwanangu! Ongea kwa nguvu, babu yako hasikii.

— Mama, sina ofisi.

— Eh?

— Sina ofisi. Sijawahi kuwa nayo. Napiga pasi kwa dobi. Ile namba ni ya nguo za watu.

— Sema tena, mtandao unakatika. Babu anauliza unasema nini.

Alikuwa ameupaza ule uongo kila jioni bila kukosa. Sasa akasimama kwenye benchi la miguu mitatu na tofali, mtandao ushike, akaupaza na ukweli huu, na watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama.

— Napiga pasi, babu! Napiga pasi! Nimewadanganya!

 Kwenye spika akasikia kuku, akasikia mlango wa jikoni ambao hulia ukifunguliwa, akasikia mtu anakaa chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mama aliporudi hakuwa anapaza sauti tena. Alikuwa anaongea naye peke yake, babu akisikia asikie, asiposikia basi.

— Na mdogo wako?

Kimya akafungua mdomo. Akamtazama Spana, Spana akawa anatazama gurudumu. Akamtazama Waziri, mzee alikuwa anapapasa koti lake. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kona ya kivuli, kitambaa bado kipo kwenye kola, penseli ameitoa sikioni, anaizungusha kati ya vidole.

Shangazi, kwa kukosa la kufanya, aliinua birika amjazie mgeni kikombe kilichomwagika. Yakatoka machicha tu, kahawa imekwisha.

— Mwanangu, nakuuliza — mama akasema. — Mdogo wako je?

Simu haikukatika. Kule upande wa pili walikuwa wanangoja.